Kikombe Nilichokimwaga Kishanda

Jumatatu ya wiki ya pili ya mwezi wa saba, mwaka jana, saa nne kasoro asubuhi, nilimpoteza mke wangu katika hospitali moja mjini Bukoba. Siku mbili kabla, baba yake alikuwa amezikwa Kishanda. Watu wakiniuliza alikufa kwa nini, mara nyingine nasema sukari, mara nyingine nasema moyo. Sisemi uongo. Sijui.

Tuliishi Kanazi, kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa. Kisukari alikuwa nacho miaka mingi, na hii ya mwisho alikuwa akichoma insulini. Friji hatuna, kwa hiyo chupa yake ilikaa ndani ya chungu chenye mchanga mbichi. Mimi ndiye niliyeulowanisha mchanga kila asubuhi. Kazi yangu nyingine ilikuwa kumlinda. Sukari ya wajukuu niliificha darini. Ndizi kwenye sahani yake nilizihesabu. Harusini nilikaa kati yake na kreti za soda. Majirani walinicheka. "Mzee huyu akiona nyuki anaita polisi," alisema mmoja. Mke wangu aliniita askari wake, naye alicheka, lakini si kila siku.

Kliniki walitufundisha. Walisema sukari ikipanda inaharibu macho, figo na miguu. Walisema pia inaweza kushuka, na ikishuka mgonjwa anatoka jasho, anatetemeka, anababaika, apewe kitu kitamu haraka. Niliyasikia, nilikaa benchi la mbele. Lakini hayakuingia. Mtu anaumwa sukari, atapungukiwaje sukari? Alipoanza kubeba pakiti ya glukosi kwenye mkoba wake, niliitoa bila kumwambia nikawapa wajukuu wailambe. Nadhani alijua. Hakuuliza.

Siku ya mazishi tuliondoka Kanazi alfajiri. Alichoma sindano yake, dozi ileile, maana tuliambiwa sindano hairukwi. Nikamwambia ale.

"Nyumbani kwetu mtoto hali mpaka baba yake afukiwe," akasema. "Unataka leo niwe mtoto wa nani?"

Sikubishana. Nilifikiri ni vizuri hata hivyo, asiyekula sukari yake haiwezi kupanda. Ndivyo nilivyofikiri, na naandika kama ilivyokuwa.

Maziko yalipangwa saa sita. Padri alikuwa na maziko mengine mbali, tukangoja. Wanaume tulikaa nje tukitafuna punje za kahawa, wanawake walikuwa ndani wamekaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni. Kwenye saa nane shangazi yake, dada wa marehemu, akaja kuniita.

"Mkwe, njoo umwone mwenzako. Anasema vitu."

Nilimkuta ameegemea ukuta, gauni limelowa jasho, mikono inatetemeka. Akaniangalia machoni akasema, "Tata, wamekupa chai?" Tata ni baba. Aliniona mimi ni baba yake, na baba yake alikuwa kwenye jeneza chumba cha pili. Wanawake wakaanza kulia upya. "Ni uchungu," walisema. Mimi nilijiona nimeelewa kuliko wao. Nilijua ni sukari. Nilijua imepanda.

Shangazi akaja na kikombe cha omuramba, juisi ya ndizi mbivu waliyowakamulia wachimba kaburi.

"Anywe kidogo. Huyu ana njaa."

"Ana sukari huyu! Mnataka tuzike wawili?"

"Umekuwa daktari lini?"

"Ninaishi naye mimi."

"Na mimi nilimbeba mgongoni, waitu, jamani. Achia kikombe."

Mke wangu alikuwa amemeza funda moja tu. Nilimpokonya kikombe mdomoni, nikatoka nacho, nikakimwaga kwenye shina la mgomba mbele ya watu wote. Wakati nakivuta, mkono wake ulikifuata. Sikusimama.

Haukupita muda akalegea, hakuitika tena. Gari lililoleta jeneza likatukimbiza kituo cha afya. Muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kipimo.

"Imeshuka mno. Leo amekula nini?"

"Hajala."

"Na sindano?"

"Amechoma."

 Akatundika dripu. Walimtia sukari kwenye mshipa, sukari ileile niliyoificha darini, na mke wangu akafumbua macho. Akauliza viatu vyake viko wapi. Akauliza kama baba yake amefukiwa. Nikasema ndiyo, ingawa sikujua.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Bado nashukuru, akasema kifua kinambana. Wakampima mapigo, wakasema hayaendi sawa, tukapelekwa Bukoba.

Jumapili alikunywa uji nusu kikombe. Akalala, akaamka, akaniuliza, "Kile kikombe cha shangazi kilikuwa na nini?"

"Omuramba."

"Ulikuwa mtamu," akasema. Sikujua kama ananilaumu au anakumbuka tu. Kesho yake asubuhi moyo wake ulisimama.

Daktari, dada mdogo kuliko binti yetu wa kwanza, alinikalisha kitini. Alisema sukari ikishuka sana mwili unashtuka, na mshtuko ule unaupiga moyo. Alisema mtu wa kisukari wa miaka mingi, mishipa ya moyo inaweza kuwa imeharibika kimya kimya na yeye mwenyewe hajui.

"Ningemwacha anywe?"

"Angezinduka mapema, mzee."

"Asingekufa?"

"Hilo siwezi kukuambia."

Nilimwomba achague moja. Aliniambia pole.

Kwa hiyo nazunguka. Kama ni sukari iliyoshuka, mbona ilirudi na yeye akaamka, akaulizia viatu? Kama ni moyo, mbona haukumsumbua kabla ya siku ile? Na kama moyo ulikuwa mbovu tayari, nilikuwa nalinda nini miaka yote? Wanangu wananiambia, baba, ulifanya kwa kumpenda. Ni kweli. Nilimwaga kwa kumpenda. Haijanisaidia.

Mwezi uliopita nilikwenda Kishanda peke yangu. Shangazi alikuwa ameanika kahawa uani. Nilimweleza yote, hata pakiti ya glukosi, ambayo wanangu sijawaambia. Alisikiliza akitafuna kahawa yake.

"Ulimwaga kwa kunidharau mimi?" akauliza.

"Hapana, shangazi. Nilidhani namlinda."

Akaingia ndani, akarudi na omuramba kwenye kikombe, akakiweka mbele yangu. Halafu akatoka kufukuza kuku kwenye kahawa, akakawia huko. Nilikishika kikombe. Sikuweza kukiinua. Aliporudi kilikuwa bado kimejaa. Akakichukua, akakinywa mwenyewe mpaka mwisho, akaniuliza kama nitaliwahi gari la Bukoba.