Vipira vya Sponji

Nalianya alikuwa fundi wa vitanda na viti vya sofa kule Kabiro, Kawangware. Gundi, nyundo na msasa vilikuwa vimeila mikono yake mpaka ikawa ngumu kama gome la mti. Ukiitazama hungedhani kwamba zamani mikono hiyohiyo iliweza kufanya kitu kipotee mbele ya watu walioketi karibu kiasi cha kuguswa.

Enzi hizo alikuwa mwosha vyombo katika hoteli moja mjini, yeye na mwenzake Amolo. Kiinimacho walifundishwa na mgeni mmoja mzee aliyekaa hotelini wiki tano, mguu wake ukiwa kwenye plasta, na ambaye alichoka kutazama dari. Amolo ndiye aliyekuwa na mkono. Nalianya alikuwa na bidii tu. Hawakumtoza mtu chochote. Ilikuwa raha yao, baada ya sahani za mchana kukauka, kuwafanya wapishi waape kwamba wamerogwa.

Halafu mwaka wa sabini na tisa Nalianya akaokoka. Mchungaji alimwambia kiinimacho na uchawi ni ndugu wa tumbo moja, naye akachoma karata, kamba, vipira, kila kitu. Alipomwomba Amolo achome vyake pia, Amolo alicheka mpaka akakaa chini. Hawakugombana. Waliacha tu kutafutana, na miaka ikapita.

Mwezi wa tatu mwaka wa tisini na saba, mwanamke mmoja mwembamba alisimama kwenye karakana, leso imefungwa kiunoni.

"Wewe ndio Nalianya wa hoteli?"

"Nani anauliza?"

"Mimi ni Bridgit, bibi ya Amolo. Tuko Silanga. Ni mgonjwa, na amesema nikutafute." Alisita kidogo. "Amesema uje na vipira."

Nalianya alicheka. Kisha akaona Bridgit hacheki.

Juma hilo alikata vipira viwili kutoka kwa masalio ya sponji ya viti, kila kimoja kama nyanya ndogo. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Unampa mtu kipira kimoja akishike, wewe unabaki na kimoja. Chako kinapotea, naye akifungua ngumi anakuta anavyo viwili. Kumbe tangu mwanzo ulimpa vyote viwili, umevibana kwa vidole vikawa kama kimoja, na mkono wako mwingine ni mtupu. Zamani Nalianya angeufanya huku akipiga miayo. Sasa sponji ilichungulia katikati ya vidole kama ulimi.

Mkewe Mourine alimfumania nyuma ya mbao akijaribu.

"Baba Kevin, hiyo ni nini?"

"Sponji."

"Naona ni sponji. Nauliza ni nini."

Akamweleza. Siku hizo kanisani hapakuwa na mazungumzo mengine ila ya watu wanaoabudu shetani, lakini Mourine hakupandisha sauti. Alisema tu asimletee vitu hivyo ndani ya nyumba. "Na mgonjwa haombewi na sponji," akaongeza, akaenda zake.

Jumapili baada ya ibada Nalianya alitembea mpaka Dagoretti Corner, akashika Barabara ya Ngong, akateremkia Kibera hadi Silanga, pale mashamba madogo ya sukuma wiki yanapokaribia bwawa. Amolo alikuwa kitandani, na kilichobaki cha mtu mkubwa yule kilikuwa macho. Ugonjwa wake hakuna aliyeutaja jina. Hawakuulizana habari za miaka yote ile. Nalianya alitoa vipira, akaanza.

"Kidole gumba," Amolo akasema. "Nimeona."

"Hujaona."

"Kimesimama kama polisi wa trafiki. Rudia."

Wakacheka wote wawili, na Amolo akakohoa mpaka Bridgit akaja kumwinua.

Ikawa desturi. Kila Jumapili Nalianya alifika na kila Jumapili alishikwa. "Unaangalia mkono ulioficha," Amolo alimwambia siku moja. "Angalia ule mtupu, bana. Macho yako ndiyo yanakuchongea." Siku nyingine ilikuwa bega, au haraka isiyo na sababu. Nalianya alirudi Kabiro na makosa yake, akayafanyia kazi wakati wa chakula cha mchana, ugali ukipoa kando yake. Kosa moja likiisha lingine lilijitokeza. Asubuhi viungo vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba, na kabla havijalainika tayari alikuwa ameshika randa.

Mwezi wa tano alijua kwamba mkono wake wa zamani haurudi. Amolo alijua mapema zaidi, akavumilia, mpaka siku moja akasema, "Mkono wako umekufa."

"Na wewe je?"

Neno lilikuwa limetoka. Bridgit, aliyekuwa akifua kando ya mlango, aliacha kusugua. Nalianya aliona aibu ikimpanda mpaka kwenye masikio.

"Na mimi," Amolo akasema. "Sasa rudia."

Akarudia. Akashikwa.

Jumapili ya pili ya mwezi wa saba alimkuta Amolo ameegemezwa ukutani kwa mablanketi, pumzi zikienda kwa hesabu. Nalianya alivibana vipira, akaviweka kwenye kiganja cha rafiki yake, akasubiri afunge ngumi. Kiganja hakikufunga. Vipira vilitengana, kimoja kikabingirika kwenye goti, cha pili kikabaki juu ya blanketi, wazi kabisa, mchana kweupe.

Nalianya akasubiri kushikwa.

"Sijaona kitu," Amolo akasema taratibu. "Leo sijaona kitu kabisa."

Nalianya hakujua kama ni macho yamekwisha au ni huruma, na hakutaka kujua. Alimtazama Bridgit, na Bridgit akatazama mlango. "Asante," Nalianya akamwambia rafiki yake.

Amolo alifariki Alhamisi. Gari lilimpeleka kwao Siaya, na Nalianya alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Mwezi wa nane, mchana mmoja, alivitoa vipira pale karakana. Hata mwenyewe hakujua kwa nini. Mshonaji wa jirani, Tracy, alisogea, wakaja na wengine watatu, na safari hii mchezo ukafaulu. Tracy alifungua ngumi akapiga kelele kwa furaha. Hapo ndipo Nderitu, mwenye ploti aliyowapangisha, alipopenya katikati yao.

"Fundi, kwa ploti yangu sitaki kamari ya pata potea. Watu wamelizwa mishahara yao na mikono kama hiyo."

Nalianya angeweza kumwambia kwamba hakuna dau lililowekwa. Angeweza kumweleza habari za Silanga. Lakini ilikuwa hadithi ndefu, na mtu wa kuithibitisha alikuwa chini ya udongo.

"Sawa, mzee," akasema.

Watu wakatawanyika. Tracy, aliyekuwa akicheka sasa hivi, alitembea hatua chache, kisha akapapasa mfuko wa aproni yake kuona kama pesa zake bado zipo. Nalianya alimwona. Akachukua msasa, akainamia mguu wa kiti.