Pete ya Kuangalia Midomo

Msinicheke bado. Juzi nilijiunga na fanfare, bendi ya matarumbeta ya kanisa letu, hapa mtaani Matonge. Mwalimu, Papa Désiré, alinipa pete ya chuma yenye mpini, pamoja na kioo kidogo. “Bon, utaangalia namna midomo inakaa.”

Kioo nikakitia mfukoni. Pete nikaibana jichoni, nikaanza kukagua midomo ya Maman Furaha, mpiga trombone. Kila nikisogea, anarudi nyuma. Sikuelewa kwa nini.

Mume wake akashusha tuba, tarumbeta lake kubwa, akanigeukia. “Papa, unatafuta nini mu kinywa ya bibi yangu?”

“Pete inawekwa ku midomo yako, kama mdomo ya tarumbeta,” mwalimu akaniambia taratibu. “Donc unajiangalia mu kioo.”

Nikajiangalia. Wenzangu wote walikuwa na alama ya duara mdomoni kwa kupuliza. Yangu ilizunguka jicho.