Kinyungu cha Mama na Kadi ya Chimala

Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka mitatu. Mwaka ule wa uchaguzi nilikuwa Chimala, napakia mchele kwenye malori. Kutwa watu walibishana kama mbunge wao atang'oka. Mimi nilimwaza wa kwetu Kilolo, aliyewapa bonde letu watu wa kupanda miti ya mbao.

Bondeni humo mama alikuwa na kinyungu, kishamba chake cha kiangazi. Milima ikikauka yote, kule chini udongo ulibaki na unyevu, nasi tulikula mahindi mabichi wakati wengine wanasubiri mvua. Mpaka leo nikinunua hindi la kuchoma Mbeya mjini, hulinusa kwanza. Bado sijalipata lile.

Mpinzani wa mbunge aliahidi kulirudisha bonde. Siku mbili kabla ya kura nikapanda basi kwenda nyumbani. Mama alikuwa uani, anapukuchua maharage.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mgeni. Umekuja kuoa au unapita?"

"Nimekuja kumng'oa mtu."

"Kwa kadi ya wapi?"

Nikaitoa. Akaisoma, akacheka mpaka akafuta machozi. Waandikishaji walipofika Chimala nilikwenda kuhamisha taarifa zangu huko, kisa nilitaka kuona ile mashine inavyochukua alama za vidole. Kilolo sikuwa mpiga kura tena.

"Basi kura yetu ni yako, mama. Mwondoe."

Akaacha kucheka. "Baba yako alipofariki, mbunge yule alishika sepetu na wachimba kaburi. Alichimba mpaka shati likalowa. Aliyekusaidia kuzika unampaje kisogo?"

"Na kinyungu?"

"Unanifundisha kinyungu changu? Siku ile ulikuwa wapi?"

Nilikuwa Mbeya, kwa fundi wa kuchomelea vyuma, namtazama anavyounganisha mageti. Habari ya msiba ilinifikia watu wamekwisha kuanua matanga.

Siku ya kura nilimsindikiza hadi shuleni, nikabaki barabarani na wasio na kazi. Alitoka na wino kidoleni.

"Umempa nani?"

"Kura ni siri, baba. Hukusikia redioni?"

Hakutaka kurudi kwa njia ya juu. Tukapita bondeni. Misindano, ile miti yao ya mbao, ilikuwa imetufika mabegani, imepangwa mistari mpaka ng'ambo. Mama aliingia katikati yake, akahesabu hatua kutoka kwenye jiwe moja, akasimama. "Hapa maharage. Pale ulipo, mahindi." Nikasogea pembeni, kama vile ningeyakanyaga.

Kesho yake mbunge alitangazwa mshindi, tena kwa kura chache. Mama hakuguna wala kufurahi. Alinifungia maharage kwenye mfuko, akaniuliza, "Uchaguzi ujao utakuwa mtu wa wapi?"

Nikamjibu, wa hapa. Ninaandika haya nikiwa Mbeya, na kadi bado ni ya Chimala.