Beleshi Lenye Matundu Tisa

Mdogo wangu Tarcisio nimempiga kofi mara mbili tu maishani. La kwanza alikuwa na miaka sita, amemtumbukiza paka kwenye sufuria ya maziwa ya jibini. La pili alikuwa na miaka arobaini na tisa, amepiga magoti kwenye theluji, kucha zinamtoka damu. Hata leo sijui kama nilimpiga kwa hasira au kwa hofu. Nadhani ni vyote viwili.

Lakini ngoja nimseme mke wake kwanza, maana habari hii ni yake. Fulvia, wifi yangu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha jibini hapa kijijini. Kazi yake ni kugeuza mapande ya jibini, kilo kumi kila moja, mia mbili kwa siku, ndiyo maana ana mabega kama ya mchukuzi. Ni mtu wa maneno machache, na msafi mpaka anakera. Anapiga pasi hata matambara ya jikoni. Mume wake ni fundi bomba, domo kubwa, na ukifungua mlango wa gari lake lazima kitu kikuangukie mguuni. Wana miaka ishirini na mbili ya ndoa. Hawakujaaliwa mtoto, na wote wawili ukiwatafuta wakati wa baridi wako mlimani.

Kila siku saa kumi na moja alfajiri wanabandika zile ngozi za kuzuia utelezi chini ya skii zao, mbao ndefu za kutelezea thelujini, wanapanda mpaka malisho ya juu, wanabandua ngozi, wanashuka mbio, na saa mbili kila mtu yuko kazini. Jumapili kuna mashindano. Kwetu watu hushindana wawili wawili, na mwenye nguvu humfunga mwenzake kiunoni kwa kamba ya mpira na kumvuta mlima mzima. Lazima mfike pamoja. Mmoja akichelewa, wote mmechelewa. Miaka yote Tarcisio alikuwa mbele na Fulvia nyuma, kamba ikiwa imekaza kati yao.

Majira ya baridi yaliyopita mambo yaligeuka. Mashindano ya kwanza ya Desemba, nimesimama kwenye kona ya kanisa dogo na chupa ya chai, namwona Fulvia anatokea. Nyuma yake kamba. Nyuma ya kamba, mdogo wangu, uso mwekundu, ulimi nje.

Baa ya Bortolo haikulala kwa wiki nzima.

"Tarcisio!" Bortolo anapiga kelele, bado hata mtu hajafunga mlango. "Nasikia mkeo kakufunga kamba kama ndama anayepelekwa sokoni!"

"Ndama yupi? Mimi nilikuwa breki yake. Bila mimi angepita mstari akafika nchi jirani."

"Breki nzuri. Ilikuwa inatoa povu mdomoni."

Watu walicheka, na yeye alicheka, lakini mimi ndiye niliyemlea huyo, namjua. Usiku ule aliondoka bila kumaliza mvinyo wake.

Ndipo ukaanza ugonjwa wa gramu, wa kupunguza uzito wa kila kitu wanachopanda nacho. Wenye mchezo huu wote wanao, ila wale wawili walizidi. Mzani wa jikoni, ule Fulvia anaopimia unga wa ngano nyeusi, ukahamia sebuleni. Waliukata mpini wa mswaki. Walikata lebo za nguo za ndani. Siku moja nimewapelekea soseji, namkuta Tarcisio anakata mikia ya mikanda ya mkoba, na Fulvia kavaa miwani, anapunguza nyuzi za glavu kwa mkasi wa kucha.

"Wifi," nikamwambia, "ukizidi kupungua tutakutia jiwe mfukoni usipeperushwe."

"Jiwe la gramu ngapi, wifi?" akauliza. Wala hakuinua macho. Sikujua kama anatania.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kilipo kisa chote. Kila anayepanda huku hubeba vitu vitatu: kifaa cha kutafutana kifuani, kinachoonyesha aliyefukiwa yuko mita ngapi, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na beleshi mgongoni. Watoto wetu wanajua hili kabla hawajajua sala. Na wanajua pia kwamba beleshi ulilobeba si lako. Wewe ukifukiwa na poromoko la theluji, lako limefukiwa pamoja nawe. La kwako linamwokoa mwenzako, na la mwenzako linakuokoa wewe. Basi.

Jumapili ya pili ya Februari hapakuwa na mashindano, tukapanda watatu mpaka juu ya mteremko wa Motta Secca. Mimi nina miaka hamsini na sita na skii pana kama mbao za kitanda, waliniacha mapema. Nilipofika ukingoni nilimwona Fulvia anaanza kushuka, mistari mizuri, mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha mteremko mzima ukakatika juu yake. Haukutoa hata kishindo. Ulikatika tu, ukaondoka, na wifi yangu akaondoka nao.

Jamani! Nilisimama pale kama mjinga, natazama mahali alipokuwa mtu, na hapana mtu.

Tarcisio alikuwa amesimama pembeni kidogo chini yangu. Yeye ndiye aliyeanza. Alishuka na kifaa mkononi, anasoma namba kwa sauti, kumi na nane, kumi na moja, sita, mbili. Akachoma fimbo mara tatu, akampata. Kina chake kama urefu wa mtoto wa shule. Akatoa beleshi, nikamwona anachimba, mimi bado nashuka kwa magoti yangu mabovu. Beleshi la kwanza, la pili. La tatu nikasikia kwaa!

Akasimama. Ameshika mpini na nusu ya beleshi. Nikasikia anamtukana Mungu, Bikira na watakatifu wote mmoja mmoja, kisha akatupa mpini, akaanza kuchimba kwa skii na kwa mikono. Theluji ikishaporomoka na kutulia haichimbiki kwa mikono. Ni zege.

Nilipofika nilimsukuma, nikachimba na la kwangu. Nilichimba mpaka nikaona nyota mchana. Tulimfikia uso baada ya dakika kumi na saba, Tarcisio ndiye aliyekuwa anatazama saa. Midomo ilikuwa rangi ya zabibu. Nikampangusa theluji puani na mdomoni, nikampulizia. Mara mbili. Mara tatu. Akakohoa. Ee Mungu wangu, sijawahi kusikia sauti nzuri kama kikohozi kile.

Tulipokuwa tunangoja helikopta, nimemkumbatia, jicho langu likaangukia ile nusu ya beleshi. Ilikuwa imekatika mstari mmoja ulionyooka, na kwenye mstari ule palikuwa na matundu. Ya duara. Nikaokota kipande cha pili, nikaviunganisha. Matundu tisa, yametobolewa kwa keekee.

"Tarcisio. Hii nini?"

Akapiga magoti. "Gramu tisini, dada. Sikutaka anivute tena mbele za watu. Nilijua kama ni kufukiwa, mimi ndiye..."

Hakumaliza. Ndilo lile kofi.

Fulvia alivunjika mfupa wa bega na mkono. Alilazwa siku tano, na siku zote tano hakumwambia mumewe neno hata moja. Alipotoka alinituma mimi: "Mwambie asije nyumbani." Ndipo Tarcisio akahamia kwangu, akalala kwenye kochi, miguu inaning'inia. Alijisema mwenyewe kijiji kizima. Aliingia kwa Bortolo, akasimama katikati, akasema alichofanya. Hakuna aliyetania siku hiyo. Mtu mmoja alitema mate chini mbele ya viatu vyake. Tangu hapo hakwenda tena baa, na kusema kweli mimi mwenyewe nilikuwa namwekea sahani mezani bila kumtazama. Uji wa mahindi na jibini, kula, nyamaza. Kila jioni aliuliza, "Fulvia amesema nini?" na kila jioni nilimjibu, "Hajasema."

Wiki ya tatu theluji ya Motta Secca ikaanza kuyeyuka. Vijana wa kikosi cha uokoaji waliupata mkoba wa Fulvia, ule uliong'olewa na poromoko, wakaniletea mimi kwa kuwa ndimi ndugu wa karibu. Ulikuwa umelowa. Nikaupeleka chumba cha boila nianike vitu. Nikatoa fimbo. Nikatoa koti jepesi. Nikatoa beleshi.

Haki ya Mungu, nilikaa juu ya ndoo, nikahesabu.

Matundu kumi na tatu. Safi, yamepangwa sawasawa kama vifungo vya kanzu ya padri, na kingo zake zimesuguliwa kwa msasa zisikwaruze mkoba. Katika kijiji hiki ni mtu mmoja tu anayeweza kutoboa kitu kisha akakipiga msasa.

Sikumwambia Tarcisio. Nililifunga kwenye taulo, nikavaa viatu, nikapanda mpaka kwa Fulvia. Nilimkuta jikoni, mkono umetundikwa shingoni, anajaribu kumenya kiazi kwa mkono mmoja.

"Karibu wifi," akasema. "Mbona umekunja uso?"

Nikafungua taulo mezani, kando ya viazi. Akatazama. Kisu kikabaki hewani.

"Umemwonyesha?"

"Bado! Kwanza nataka nikusikie wewe! Mume wako analala kwenye kochi langu kama mbwa, watu wanamtemea mate, nami nimempiga mbele ya uso wako, na kumbe! Nyani haoni kundule, wifi! Angefukiwa yeye je? Ungemchimbua na kichujio hiki?"

Sikuwahi kumpigia kelele Fulvia tangu aolewe kwetu. Aliweka kisu, akafuta mkono kwenye aproni, akakaa.

"Nilitoboa Desemba," akasema. "Kumvuta kulinimaliza. Nilikuwa nafika nyumbani natapika, anadhani nimekula kitu kibaya. Sikutaka ajue ni uzito wake. Nikasema, nipunguze kwangu, niweze kumvuta na asione nimechoka. Keekee ni yake. Niliirudisha mahali pake, tena nikaipangusa."

"Na hukumfikiria?"

"Nilimfikiria kila siku. Nilisema tukimaliza mashindano ya Machi nanunua jipya." Akasogeza viazi kando. "Wifi, kule chini mtu anasikia. Nyinyi hamnisikii, mimi nawasikia. Nilimsikia anachoma fimbo. Nikamshukuru Mungu, unajua kwa nini? Nikasema, ahsante ni mimi niliyefukiwa na si yeye, maana yeye ana beleshi zima." Machozi yakaanza kumshuka, naye hakuyafuta. "Kisha nikasikia linavunjika. Nikajua palepale. Wewe ulilazimika kuhesabu matundu. Mimi niliujua ule mlio, kwa sababu kila nikipanda nilikuwa nauogopa."

Nilivuta kiti, nikakaa mkabala naye.

"Sasa umemfukuza kwa nini?" nikauliza, sauti yangu imekuwa ndogo.

"Kwa sababu alikiri kabla hata helikopta haijafika. Nilikuwa mikononi mwako, nilimsikia. Na mimi nilinyamaza. Kila akija hospitali nikimtazama naona aibu yangu. Ni rahisi mtu kununa, wifi. Watu wakakuhurumia, wakakuletea keki."

Keki zilikuwa tatu pale kabatini, kweli.

Akasimama. Akachukua beleshi, bila taulo. Nikamwambia vaa koti, hakunisikia. Alitoka na aproni yake na malapa, mkono mmoja umetundikwa, mwingine umeshika lile beleshi wazi, akashuka barabara nzima mpaka kwangu, theluji inaingia kwenye vidole. Mbele ya baa watu walisimama madirishani. Bortolo alitoka na kitambaa begani, akaona matundu, akarudi ndani.

Tarcisio alikuwa kwenye kochi anafunga kamba za viatu. Fulvia akaliweka beleshi magotini mwake. Tarcisio akalitazama. Akapitisha kidole tundu moja baada ya jingine, mpaka la mwisho. Niliona rangi inamtoka usoni taratibu, kuanzia paji la uso.

"Lini?" akauliza.

"Kabla yako."

Aligeuza beleshi upande wa pili, akagusa kingo zilizosuguliwa. Akainua macho kwa mke wake.

"Fulvia. Siku ile ningeshuka mimi kwanza... ungenichimbua na hili?"

"Ndilo nililokuwa nalo," akasema.

Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani atamrushia. Badala yake mdogo wangu alitazama ile miguu ya mke wake, myekundu kwenye malapa yaliyolowa, akainama, akaishika yote miwili kwa viganja vyake ambavyo kucha zilikuwa hazijaota vizuri, akaanza kuisugua ipate joto. Wote wawili walikuwa na kosa lilelile, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumsamehe mwenzake.