Jino Langu na Adabu ya Baba

Baba yangu alikuwa na duka la nguo Iringa mjini, na hapakuwa na mtu wa kumshinda kwa mdomo. Mteja akitaka kupunguziwa bei ya kanga, baba alimrudishia maneno mpaka mtu anaondoka na kanga za doti mbili na shukrani juu yake. Ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka habari ya jino langu, hasira hunipanda upya.

Jino lenyewe lilikuwa la mbele, la juu. Lilikuwa na katundu keusi pembeni, basi. Nilikuwa binti mkubwa, nimekwisha kuhitimu Kurani, na wanawake wa mtaani walikuwa wamenichagua niwasomee maulidi ya mwaka ule. Msomaji ulimi wake hauachi kugusa meno ya mbele. Ukiwa na pengo, sauti inavuja kama upepo kwenye dirisha bovu. Nililitaka jino langu libaki kinywani, sikutaka kingine.

Shangazi, aliyetutembelea kutoka Mbeya, ndiye aliyetuambia kwamba jino bovu siku hizi huzibwa. Alipanua kinywa ukumbini kwetu akatuonyesha gego lake lenye doa la rangi ya fedha. Wanachimba uozo, alisema, wanajaza dawa, inaganda, unatafunia hata mahindi ya kuchoma. Mama akanipa karafuu niibane kwenye tundu nikingoja. Daktari wa meno, Mzungu aliyezunguka mji hadi mji, alipofika hospitali, baba akanipeleka.

Ndani kulikuwa na mashine ya kuchimbia meno, inayoendeshwa kwa kukanyaga kwa mguu, sawasawa na cherehani ya fundi wetu wa barazani. Nilipoiona nilifurahi. Daktari alinichungulia kwa kioo chake, akasema na dresa, mfunga vidonda wa hospitali aliyekuwa mkalimani wake, na dresa akamgeukia baba.

"Anasema tundu ni dogo, linazibika. Au ling'olewe, ndiyo haraka zaidi. Mnataka lipi?"

Baba akavua kofia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya mtu.

"Sisi hatujui kitu, bwana. Yeye ndiye mwenye elimu. Afanye aonavyo."

Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Mkubwa humwambii la kufanya. Unajishusha, naye kwa utu wake anakupa lililo jema. Kwetu sisi maneno yale yalikuwa ombi, na jirani yeyote angelielewa. Daktari yeye aliambiwa kwamba tumekubali lolote. Akatupa jicho kwenye benchi lililojaa watu, akachukua koleo. Mimi nilikuwa nimepanua kinywa chenye kioo ndani, na baba akishasema, binti haongezi neno. Nilimkodolea baba macho. Akaniashiria kwa mkono nitulie.

Maulidi yalisomwa na mwingine. Nilikaa nyuma, mtandio mdomoni, nikawasikia wakimsifu sauti yake, nikawachukia wote. Daktari nilimchukia kwanza, na baba akafuata.

Daktari aliporudi safari nyingine, baba alikuwa anaumwa gego. Alitoka nyumbani alfajiri ili awahi benchi, akarudi mchana anacheka. Alimwita mama, akamwita fundi wa barazani, akawapanulia kinywa waone doa la fedha. Akasema alimwambia daktari kabla hata hajaulizwa: ziba, using'oe. Kisha akaniita na mimi nije nione.

Nikaenda, nikaangalia. Kazi ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

"Kumbe ulikuwa unaweza kusema, baba," nikamwambia, na hewa ikapita penye pengo.

Baba akafunga mdomo, gego lake likiwa salama ndani.