Radio yangu na kisanduku cha Faustin

Leo karibu wakamate radio yangu.

Ile yenye dada yangu wa Goma ananisalimiaka ndani kila dimanche, siku ya misa.

Jirani Faustin aliambia chef wa mtaa eti njo inaharibu simu za watu wote. Bon, mafundi wa simu wakaweka antena tatu: ku Rugerero, ku mpaka wa Petite Barrière, na pembeni ya ziwa.

Nikauliza zinatuma nini.

Fundi mmoja akajibu, "Hapana, mama, zinasikiliza tu. Tunapima sauti ya ile kitu inaharibu simu imefika ku antena gani kwanza, hata kwa kipande kidogo ya segonde, njo tunajua nyumba."

Faustin akasema, "Mashine haidanganyake mutu."

Mashine ikaonyesha kwake. Juu ya bati iko kisanduku alinunua eti simu yake ishike muzuri.

Sasa anasema mashine imekosea.

Chef amebeba kisanduku. Mi nimeongeza sauti ya radio, Faustin naye asikie salamu.

Ni vibaya?