Mama wa Kau Aliyengoja Kuitikiwa

Kundi letu la simu ni la kufuma vitambaa. Vya makochi, vya meza, vya kufunika mtungi. Tuko akina mama wa kanisa, wengi wa hapa Garsen, wengine Bura, wengine Kinakomba, mpaka kule chini mto unakoingia baharini. Jumamosi kila mtu atuma picha ya alichofuma, tunasifu, tunaulizana mishono, na asiyejua kuandika atuma sauti, sisi twaita voisi. Mimi ndiye adimini. Nilisoma ngumbaru, madarasa ya jioni, tayari nina watoto, na kitu cha kwanza kirefu nilichoandika mwenyewe bila mwalimu kunisimamia ni sheria za hili kundi. Kubwa ilikuwa moja: mwenye kutukana au kulaani mwenzake anatolewa hapo hapo, hata awe nani. Niliiombea kabla ya kuituma. Dada yangu wa tumbo moja alimwita mtu mbwa, nikamtoa kabla hajamaliza kucheka. Mpaka leo akija kwangu anakaa mlangoni, haingii ndani.

Kwa hivyo watu walijua mimi sichezi. Walichofanya ni kutafuta mahali sheria haifiki.

Kijiji cha Kau, kule chini ya mto, kulikuwa na mama mmoja, mkubwa kuniliko, mjane, kusoma hajui. Watoto wake wote wako Mombasa. Simu walimnunulia wao, wakamtia kwenye kundi ili asiwe anaongea na ukuta. Kufuma alifuma kawaida tu, mishono mikubwa mikubwa. Shida ilikuwa voisi zake. Kwetu huku huwezi kumwaga maneno kabla ya salamu, na salamu haiendi mbele kabla haijaitikiwa. Yeye akaipeleka hivyo hivyo kwenye simu. Anabonyeza, anasema, "Bwana asifiwe." Ananyamaza, anangoja tuitike. Unasikia kuku wake, unasikia mtu akiita ng'ambo ya mto. "Mwaamkaje?" Kimya tena. "Na watoto?" Kimya. Halafu anasema "eee" kama amejibiwa, ndipo aje kwa kitambaa.

Jumamosi moja fundi wa cherehani wa hapa Garsen, mke wa mzee wa kanisa, mdomo wake tunaujua, alituma voisi haina kitu. Pumzi tu, na gari likipita barabarani. Akatuma nyingine. Kila mtu akaelewa anaigwa nani. Vile vikatuni vya kucheka vikajaa mpaka picha za vitambaa hazionekani.

Nilimpigia fundi nikamwambia aache. Akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Mama adimini, mimi nimesema nini? Nionyeshe tusi."

Sikuwa nalo. Niliandika kwenye kundi kwamba tuheshimiane, tumwogope Mungu. Wote wakajibu Amina. Jumamosi iliyofuata voisi za kimya zikatoka Bura na Kinakomba pia.

Nilifikiria kuongeza sheria. Lakini utaiandikaje? Mwenye kunyamaza atatolewa? Nusu ya kundi hunyamaza mwaka mzima.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mama wa Kau hakujua anachekwa. Alisikia ule kimya akadhani watu hatimaye wanasalimia kama yeye, wametulia wanamngojea ajibu. Basi akawa anajibu. "Mimi mzima." Ananyamaza. "Mguu umepoa, asante." Ananyamaza. "La, hawajaja, wamesema Krismasi." Alijibu maswali ambayo hakuna aliyemwuliza, kimya kwa kimya, bila kumruka mtu. Nao wakachukua majibu yake wakayarusha kwenye makundi mengine. Nilisikia sauti yake hapa sokoni, ikichezwa kwenye kibanda cha kuchaji simu, akimwambia mtu kuhusu mguu wake, na wanaume wasiomjua wameshika mbavu.

Jirani yake ndiye aliyemfungua macho. Katikati ya wiki ikaingia voisi kutoka Kau, fupi. Haikuwa na salamu wala haikungoja mtu.

"Mnamcheka mjane. Mfume sanda zenu. Mfume na za watoto wenu, muzikwe nazo mwaka huu."

Kabla sijaisikiliza mara ya pili, fundi alikuwa ameshainakili sheria yangu, neno kwa neno, na vikatuni vya mikono ya kuomba chini yake. "Mama adimini, tusi hilo hapo sasa. Ama Kau wana sheria yao?" Wengine wakafuata, kwamba watoto wao wamelaaniwa, na wangu wamo humo humo. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Nilipiga magoti nikamwuliza Mungu kama kuna njia nyingine. Sikuonyeshwa. Nikamtoa. Wale wa kimya wakabaki, maana hawakusema neno. Anayeniambia ningefumba macho, anieleze kwanza ningemwambia nini dada yangu.

Nilijua simu itamwandikia kwamba ameondolewa na yeye hataweza kusoma. Sikutaka aambiwe na jirani. Nikapanda pikipiki, nikavuka kwa mtumbwi, nikamkuta nje anachambua mboga. Alifurahi. Tulisalimiana mpaka mwisho, watoto, mguu, mvua. Kisha akanipa simu.

"Umekuja vizuri, mwanangu. Hii imeharibika. Kile cha kubonyeza nikasema hakipo tena. Nataka kuwaomba radhi. Watoto wa watu sikufaa kuwatia kwenye laana."

"Haijaharibika, mama. Nimekutoa kwenye kundi."

"Wewe?"

"Mimi. Ulilaani."

Alichambua majani kidogo. "Na wao?"

"Wako."

Akauliza kama akiomba radhi atarudishwa. Nikamwambia ukweli, kwamba niliandika sheria ya kutoka, ya kurudi sikuandika, na hata dada yangu hajarudi. Hakulia. Alisogeza ungo pembeni akaniuliza, "Na mtu akitaka kumtoa mtu kwenye simu yake mwenyewe, anabonyeza wapi?"

Nilielewa anamtoa nani. Nilikaa karibu naye kwenye mkeka nikamwonyesha. Hii hapa picha yangu. Gusa hizi nukta tatu. Hili ndilo neno la kuzuia. Kidole chake kilikuwa na maji ya mboga, kioo kikakikataa. Akakifuta kwenye leso, akabonyeza tena, kwa nguvu.

"Umetoka?"

"Nimetoka, mama."

"Basi wahi mtumbwi."